Ngege Wadogo kwa Mjamzito

Goreti mjukuu wangu,

Huku kambini Nakivale tuko salama, mahindi yamebeba. Umeuliza kama kweli nilikula samaki wa kinamasi.

Nilikula, tena mkubwa. Nikiwa na mimba ya mama yako kule Burundi, mama mkwe alinipa kambare mzima, heshima ya mjamzito. Maji ya kinamasi yalikuwa na rangi ya chai, tukayaona mazuri. Kumbe, kama unavyoniandikia kutoka labo yako ya Mbarara, maji ya majani yaliyooza huisaidia zebaki, sumu ya mtoto tumboni, kuingia kwenye samaki, na mkubwa ndiye hubeba zaidi. Mama mkwe alinipa kizuri alichokuwa nacho. Bado namshukuru.

Sasa mjamzito ni wewe. Nimekutumia samaki, ngege wadogo wakavu, kwa minibasi ya Rwekubo. Jirani yangu Mkongo amenicheka: "Mwenye mimba unamupa badogo hivi?"

Ni wadogo, Goreti. Heshima ni ileile.

Bibi yako