Mashine za Upepo Nyuma ya Nyumba ya Bi Greta

Ujerumani ya Kaskazini
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute goti limepoa na unatembea mwenyewe mpaka kisimani. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Na uchovu wenyewe si wa kazi peke yake, ndiyo maana nimekawia kukujibu.

Barua yako uliyoipitishia dukani kwa Bwana Hasanali pale Usagara niliipata, nikaisoma nikairudia. Unasema watu wa kampuni wamekuja shambani kwetu Tongoni, wamesimika nguzo ya kupimia upepo kati ya nyumba na makaburi ya wazee, na Kaka Shabani anataka kutia sahihi ili wajenge mashine za umeme. Ukaniuliza, "Wewe mwanangu unaishi nazo, hebu tuambie zikoje."

Nitakwambia nilivyoona.

Unajua tangu mume wangu afariki kazi yangu ni kumtunza Bi Greta, kikongwe mjane, katika nyumba yake ya shamba. Mwaka juzi jirani yake, Bwana Hinrich, mfuga ng'ombe, aliikubalia kampuni ijenge mashine tatu kwenye ardhi yake, nyuma ya nyumba yetu. Fikiria pangaboi la msikitini, lakini limesimama wima juu ya mnara unaoshinda mnazi wowote uliowahi kuuona. Bi Greta mwenyewe alifurahi. Alioka keki akawapelekea mafundi. Alisema huu ni umeme usio na moshi, na hilo ni kweli, sipingi.

Ulipovuma upepo wa maana ndipo tukajua tumepata mgeni asiyeaga. Ni mvumo, Mama: vuu, vuu, vuu, kama mtu anayefua blanketi nje na hamalizi. Na jua likishuka nyuma ya mapanga yale, kivuli chake kinapita jikoni. Chumba kinawaka, kinazimika, kinawaka. Bi Greta alizoea kulia chakula dirishani tangu alipoolewa. Akaanza kuumwa kichwa, mwisho akahamishia sahani yake ujiani, akawa anakula akitazama ukuta. Na mimi nikawa naswali Alasiri mapazia yamefungwa.

Siku moja akaniambia, "Nishike mkono, twende kwa Hinrich." Walikuwa majirani wa kupelekeana mayai. Tulimkuta zizini.

"Hinrich, zisimamishe jioni tu, nile chakula changu."

"Siwezi, Greta. Si mimi ninayeziwasha. Wako mjini."

"Basi waambie."

"Nimewaambia. Unadhani mimi nalala? Mke wangu amehamia kwa dada yake." Akajifuta mikono kwenye suruali, hakutuangalia. "Nimeshatia sahihi. Mkataba ukija kuisha, mimi nitakuwa kaburini."

Tukarudi nyumbani. Tangu siku ile hawakusalimiana tena. Nadhani ni aibu kuliko hasira. Juzi wanawe wamempeleka Bi Greta kwenye nyumba ya wazee mjini, naye hakutaka. Nimebaki mimi nafunga vyombo, kisha nitafute kazi nyingine. Nyumba inauzwa. Wanunuzi wanafika uani, wanasikiliza kidogo, wanaaga.

Kaka Shabani, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii, kwa hiyo nasema nawe. Najua kiwanda kimekupunguza kazini na una watoto. Najua mkonge hauajiri tena, na umeme unakatika kwako Mabawa wifi akiwa hajamaliza kupika. Sikwambii ukatae. Pengine zikiwekwa mbali hazitamdhuru mtu. Lakini waulize zitakuwa umbali gani na mlango wa Mama, na nani mwenye mamlaka ya kuzizima, na siku zikiharibika nani atakuja kuzing'oa. Wajibu kwa maandishi, mbele ya wazee wa kijiji. Wakikuharakisha, rudi nyumbani.

Nisalimie wifi yangu Zuhura na wanangu wote. Shangazi naye mwambie dawa yake ya macho naitafuta. Mwalimu wa madrasa naye mpe salamu, na jirani yetu, mama muuza vitumbua aliyenilea.

Pamoja na barua natuma kaseti. Jana niliweka redio jikoni kwa Bi Greta nikarekodi mvumo ule mpaka utepe ukaisha. Hamna maneno. Kaka, iwashe hapo mlipokaa na Mama, uiache hadi mwisho. Mkiweza kula na kuzungumza nayo, tia sahihi, wala sitanung'unika. Katikati mtasikia mlango unafungwa. Ni mimi. Nilitaka nikae nayo mpaka iishe, nikashindwa, nikaiacha inarekodi peke yake.

Mwanao anayekuombea,
Mwanaidi