Bima ya Wazee wa Chama, na Sindano za Shangazi

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI
Kikao cha kamati, Jumamosi, saa tisa alasiri, chumba cha kukatia vitambaa.
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Shangazi Vifungo, Mpiga Pasi.
Hakuhudhuria: Mhazini (bila taarifa, si mara ya kwanza).

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba wajumbe waseme kwa ufupi. Yeye alizungumza nusu saa.

KUMB. NA. 2/ BIMA BINAFSI KWA WAZEE
Mwenyekiti alipendekeza wazee watolewe kwenye bima ya serikali yenye foleni, wahamie ya kampuni, yenye chumba cha peke yako na gari la wagonjwa. Katibu, aliyekwenda kuulizia kwa nauli yake mwenyewe, alieleza kwamba ada ya kampuni ni mara tatu ya ile ya serikali. Hulipa kulazwa, vipimo na upasuaji wa dharura. Hailipi miwani, meno, wala dawa za presha za kila siku. Na ugonjwa ulioingia nao husubiri mwaka mzima ndipo ulipiwe.

Mpiga Pasi alisema, "Kumbe inatujali tukianguka tu. Tukisimama, kila mtu na lake."

Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba kazi yake ni kuandika, si kutia watu hofu, na kwamba chama hakina mgonjwa wa kusubiri mwaka.

Mpiga Pasi alisogeza mezani kijimto cha sindano cha Shangazi Vifungo, zote zikiwa na uzi tayari, kila rangi. "Mzee, unadhani hizi huzitunga nani? Tunamtungia sisi kila asubuhi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili."

Shangazi alisema hakupenda lisemwe. "Fundi asiyeona tundu, nani atampa kitambaa?" Aliongeza kwamba kwa bima ya serikali zamu yake ya upasuaji imekaribia, miezi miwili tu. "Hicho chumba cha peke yangu, nikaongee na nani?"

Mwenyekiti alimwomba radhi.

AZIMIO: Wazee wabaki bima ya serikali. Ya kampuni iwe nyongeza kwa atakayejilipia. Suala la nauli ya Katibu liliahirishwa tena.

KUMB. NA. 3/ KUFUNGA
Mwenyekiti alisema kuanzia Jumatatu naye ataingia zamu ya kutunga sindano, akachukua moja aonyeshe. Alilamba uzi, akasogea dirishani, kisha akaomba taa iwashwe. Taa ilikuwa inawaka.

Shangazi alimwambia, "Twende wote, kaka. Foleni ni ndefu, tutapiga soga."

Jina la Mwenyekiti liliandikwa chini ya la Shangazi, kwenye orodha ya wa kwenda hospitali ya macho. Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja jioni, sindano ikiwa imetungwa na Mpiga Pasi.

Mwenyekiti: .................... (alionyeshwa pa kutia sahihi)
Katibu: ....................