Kompyuta Imeninyima Utu

Ghorofa ya pili, mlango wa bluu,
Jumanne, 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Hujambo huko ulikojificha? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Mimi mzima, ila makalio hayakai kitini. Mistari hii miwili tu nimeshaenda dirishani mara tatu.

Sababu ni mke wetu. Mtoto wa jicho amemtanda macho yote. Juzi kanimiminia chai mapajani, akaniuliza napiga kelele za nini.

Hospitali hupokea maombi ya upasuaji kwa mtandao tu. Nafasi hufunguliwa Jumatatu saa mbili, na mara zimekwisha. Basi jana nikamshika mkono bibi yako, tukaenda kwa dada wa duka la intaneti. Maswali nilishayakariri. Nikajaza fomu mbio, nikapeleka kipanya kwenye kisanduku cha "Mimi si roboti", nikabonyeza. Ikanikataa. Nikarudia, ikanikataa.

"Babu, umeshona nguo miaka mingapi?" dada akauliza.

"Arobaini na moja. Kwani inataka suti?"

"Inatazama mkono. Kuna matapeli wanatuma mashine zizoe nafasi, wakaziuze. Mashine hujaza upesi, na mshale wake hunyooka. Mtu husitasita, hupotea kidogo. Wewe unakwenda kama umepigwa rula!"

Mkono niliosifiwa maisha yangu yote! Nikajitetemesha makusudi, dada akacheka mpaka akashika meza. Kompyuta ikanikataa tena, na kwenye kioo zimebaki nafasi nne.

Nikamkalisha bibi yako. Mshale ukatangatanga kama mlevi anayetafuta kwake.

"Kushoto kidogo, mama," dada akamwelekeza.

"Kushoto kwa nani?"

Akabonyeza. Kompyuta ikampokea bila swali.

Upasuaji ni Alhamisi, bandeji inatolewa Ijumaa. Tangu jana nimenyoa mara mbili, shati nimelipiga pasi mpaka linang'aa. Miaka minne hajaniona sawasawa, na meno mawili ya mbele yameondoka bila mimi kumtangazia.

Msalimie mama yako, na yule mjomba wako mwenye kitambi, mwambie suruali yake bado ninayo, kiuno ndicho kimemkimbia. Mungu akupe afya, na usingizi ambao mimi sina.

Ijumaa ukipiga simu, usiwashe video. Sitaki uso wa kwanza atakaouona uwe wako. Anione mimi, hata kama atacheka.

Akupendaye bila kukuamini,
Babu yako.