Alama ya Batayo ya Zamani

Mubambiro, siku ya ine, mwezi wa nane 1947

Tena leo Anselme, bwana yangu, alikataa nitoe alama ya batayo yake ya zamani, kikosi alichopigana nacho vita, ku mukono wa koti. Hapa kambini amri iko wazi: kila askari avae alama moja tu, ya batayo yake ya sasa. Mwenye kuvunja amri hiyo kesho ku paredi hatapata konje, ruhusa ya kwenda kwao, na Siku ya Mungu tunapaswa kubatiza mutoto wetu kwetu Bihambwe.

"Wenzangu walikufa wakivaa hii," bwana yangu alisema. "Siitupi."

Niliogopa, lakini nikaenda kumuuliza serjan wake. Hakunikaripia. Alifungua koti yake, akanionyesha alama yake ya zamani, ya vita, ameishona ndani, upande wa moyo.

"Mama, amri inasema juu ya inje tu."

Nilipomwambia Anselme, alivua koti. Kisha akanipa yeye mwenyewe.

Nikashona alama mupya inje, ya zamani ndani. Nafikiri tutafika Bihambwe.

Wakati nilikuwa nashona, alinitajia majina ya wenzake watatu waliokufa vitani, na namna kila mumoja alikuwa anacheka. Tangu tuoane hakuwa ameyataja hata mara moja. Sindano ilinichoma mara mbili, sikumukatiza.