Neno Moja kwenye Msalaba wa Mninga

Dada Leokadia,

"Anayemtafuta Mungu ndani yake mwenyewe ataishia kujiabudu." Hayo aliyasema Mzee Anselmi, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Ipuli, Jumapili iliyopita sebuleni kwako, amekaa kwenye kiti chako, anakunywa chai kwa kikombe chako. Alikuja kuukataa msalaba wa kaburi lako. Au tuseme msalaba anaukubali, ila neno ulilotaka lichongwe juu yake ndilo lililomkwama kooni. Neno lenyewe ni moja tu: Yumo.

Nilimjibu. Unanijua. Nilimuuliza, mzee, tukishapokea komunyo inakwenda wapi? Tunammeza Bwana, kisha mtu akituambia yumo ndani yetu tunaruka kama tumekanyaga nyoka? Mtume Paulo alipowaita Wakorintho hekalu alikuwa anawatania? Akakiweka kikombe chini, akasema nimesoma mno. Kwake hilo ni tusi.

Lakini hoja hizo zote ni zangu, Dada. Wewe hukuwa na hoja. Wewe ulikuwa na mzinga.

Unakumbuka Ulyankulu, masika yakiisha, Baba akitupeleka porini? Mizinga ya magome imening'inia mitini kama watu waliolala. Ule mmoja uliokuwa chini, kwenye panda ya mti, alitutaka tuutegee sikio kabla hajawasha moshi. Mimi niliogopa, ukanishika mkono. Nikasikia ule mvumo. Haukuwa sauti, haukuwa ukimya. Ulikuwa kama mtu anayewaza mbali sana. Baba akaitikia kwa kichwa, akasema taratibu, "Wamo."

Nyuki wale hakuwaumba yeye. Alisafisha mzinga, akaupaka nta, akautundika mtupu, akaenda zake. Nao mzinga haukujidai kuwa nyuki. Hapo ndipo Mzee Anselmi anapotukosea. Anayesema Mungu yumo ndani yangu hasemi mimi ni Mungu. Anasema nimekaliwa. Anasema kuna asali humu, na si mimi niliyeitengeneza.

Masika yako ya mwisho, miguu ilipovimba na njia ya kanisani ikawa tope, nilikukuta umelala, kiganja kifuani, macho umefumba. Nikaanza kulalamika kwamba wiki zinapita na hakuna aliyekuletea komunyo. Ukafumbua jicho moja. "Mdogo wangu, wewe hata redio unaibishia." Nikacheka huku nalia. Kisha ukasema, kwa sauti ileile ya Baba, "Yumo." Ukaniambia hilo ndilo lichongwe, na lisiongezwe kitu.

Tangu uende, kuku wako nimempa jirani. Redio nimeizima. Nikiibishia hakuna wa kunicheka.

Msalaba umekwisha. Mzee Ramadhani, yule fundi seremala wa Gongoni, ameuchonga kwa mninga mzuri, mwekundu kama chai ya rangi. Mwislamu yule alipousikia ugomvi wetu aliweka randa chini. "Mama, nimechonga vitanda, nimechonga majeneza, sijaona neno linalogombewa hivi. Kwani wanataka niandike Hayumo?"

Jana alasiri nilikwenda kuuchukua. Hakukuwa na wa kunisaidia, nikaufunga kwa kitenge chako na kuubeba kichwani. Nikapita ile njia ya mchanga wanayosema misafara ilipita zamani. Jua lilikuwa limelegea, vumbi limesimama hewani, na mimi nadhani nilikuwa naota huku natembea, maana niliwaona. Wapagazi, mmoja nyuma ya mwingine, pembe za ndovu, mali ya watu wengine, vichwani mwao. Hawakutoa kishindo, wala mchanga haukusogea chini ya miguu yao. Kila walichobeba kilikuwa cha bwana fulani. Lakini vifua vyao, Dada. Hapo hapakuwa na bwana aliyeweza kuweka mzigo. Nikasikia vinavuma.

Nawe ulikuwa katikati yao. Hukubeba kitu. Miguu yako haikuwa imevimba.

Nikasimama. Mkono mmoja nimeshika msalaba, mwingine nikauweka kifuani. Mwanzoni nilisikia hoja zangu tu, zinasukumana kama mbuzi mlangoni. Nikangoja. Zikachoka, zikalala moja moja. Halafu, chini kabisa ya hoja hizo, mbali sana...

Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Wewe unajua.

Lala salama, Dada yangu. Jumamosi nitausimika kwa mikono yangu, na neno lako litakuwepo. Nakuahidi pia kwamba nitakuwa nanyamaza kidogo kila siku, hata mimi. Nitaisoma barua hii kwa sauti kaburini pako, kwa hiyo maneno yanayobaki si yako, ni ya wale watakaokuwa wamesimama hapo.

Mzee Anselmi, nanyi wazee wa jumuiya ya Ipuli. Patasi ya fundi nimekuja nayo, hii hapa. Kabla hamjaigusa, wekeni kiganja kifuani, mnyamaze. Mnyamaze kweli, mpaka hoja zenu nazo zilale. Kisha yule ambaye amesikiliza mpaka mwisho, na ana hakika kwamba humo ndani hakuna mtu, aje aichukue, alifute neno hili kwa mkono wake mwenyewe.