Mstari Mweusi Ndani ya Graniti

Na ule mstari mweusi unaouona kazini huko Singida, mjukuu wangu, mume wangu mdogo Elia, hata mimi niliuulizia nikiwa sekondari. Huku Kikwe tu wazima, migomba imebeba, na mimi bibi harusi wa juzi natabasamu hata nikipalilia!

Shule ilitupeleka ziara hukohuko. Nikasema, "Wamemwaga lami."

Kijana wa darasa letu akacheka. "Lami gani, dada? Sakafu ya bahari ya kale ilizama chini ya bara, maji yake yakafanya miamba ya kilindini iyeyuke. Uji mweusi ukapanda, joto lake likayeyusha miamba ya juu, nayo ikapoa ikawa graniti. Baadaye graniti ikapasuka, uji mweusi mwingine ukaingia kwenye ufa."

"Basi huo mweusi ni mvamizi?"

"Hapana, wote wa moto mmoja. Huu umechelewa tu."

Kijana huyo ndiye mume wangu sasa, anayenichemshia chai kila asubuhi! Barua yako haikumsalimu. Sikulaumu, marehemu babu yako tulimpenda sote, na huyu hakuja kumwondoa. Kabla mwezi haujaisha tunakuja wawili. Tupokee stendi, na shikamoo ya kwanza umpe yeye.