Ruti Kampinga Mzee Kwenye Mjadala: Nifute, Nisifute?

Shangazi Fides, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, sijui nianze na ipi, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Mimi ni mwalimu wa chuo kimoja hapa Tunduma, nafundisha maendeleo ya jamii kwa njia ya mtandao, yaani wanafunzi wangu wako makwao, wengine Isansa, wengine Mkwajuni, wengine kule Momba bondeni na mifugo yao, nami kila wiki naweka swali la mjadala kwenye ukurasa wa darasa, wao wanaingia kwa simu au kwenye kafe ya intaneti, wanajadiliana, wanapata alama. Ndivyo ilivyotakiwa iwe, lakini Shangazi, mjadala wenyewe haukuwepo.

Darasani mna Mzee Osea, mwinjilisti mstaafu, anasoma na watu wa umri wa wajukuu zake, na mimi kwa kumheshimu nikapanga kwamba yeye ndiye afungue kila mjadala, kama tunavyompa mzee afungue kikao kwa sala. Basi nikiuliza "Fafanua maana ya ushirikishwaji wa jamii", yeye anafafanua vizuri kabisa, na chini yake wenzake wanapanga foleni, "Shikamoo mzee, naunga mkono", "Nami naunga mkono", "Mzee kamaliza yote", hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, na wiki inayofuata ni yale yale. Mkuu wa chuo akaona, akaniambia, "Mwalimu Tabita, hili si darasa, hii ni kwaya. Nitaingia tena mwisho wa mwezi, nikikuta hali ni hii hii nafunga, wote waje kusomea hapa Tunduma." Shangazi, wakiambiwa waje Tunduma nusu yao wataacha chuo, Ruti wa Isansa ana mtoto mchanga mgongoni, Nkwabi ana ng'ombe wa baba yake huko Momba, nani atawachunga?

Kwa hasira nikaandika swali ambalo halimo kwenye kitabu chochote: "Kijiji kinapata kisima kimoja tu. Ninyi ndio kamati. Mtakichimba wapi, na nani atakasirika?" Mzee Osea akafungua kama kawaida, akasema kichimbwe kilimani karibu na kanisa, kama pale kwao Isansa, maana hapo kila mtu atakiheshimu. Nikajua foleni inaanza. Ruti akaandika: "Shikamoo mzee wangu. Hapo hapana. Wewe hujawahi kupanda kile kilima na ndoo kichwani na mtoto mgongoni." Nilisimama jikoni na simu mkononi! Sijakaa sawa, Nkwabi naye huyu hapa: "Dada Ruti kasema kweli. Na ng'ombe hawajui Jumapili, watapita katikati ya ibada, halafu mtatupiga faini." Basi pakachangamka, watu ambao sijawahi kuona sentensi yao wakaleta sababu, wakaulizana maswali, wakabishana kwa adabu na bila adabu, mpaka wengine wakaishiwa bando wakakopa. Nilicheza peke yangu, Shangazi, mtu mzima mimi.

Sasa hofu. Tangu siku ile Mzee Osea hajaandika neno. Ruti kanipigia analia, "Madamu, nimemvunjia mzee heshima mbele za watu, naomba ufute." Na mimi nawaza, mzee akienda kulalamika kwa mkuu, darasa limefungwa. Kidole changu kiko kwenye kitufe cha kufuta. Nifute, mzee arudi na amani irudi, au niache?

Ni mimi Tabita, Tunduma.

JIBU LA SHANGAZI FIDES

Marahaba, Tabita. Ondoa kidole hicho hapo, kisha tuongee.

Mwanangu, hongera! Umeomba mvua, imenyesha, sasa unakimbia huku na huku kutafuta pa kuifungia? Ulichokipata kwa swali moja la hasira, walimu wengine wanakitafuta mwaka mzima. Ukifuta maneno ya Ruti utakuwa umewafundisha wote kwamba kumbe mjadala ulikuwa maigizo, na hawatafungua mdomo tena.

Nilipokuwa mtangazaji, nikipokea simu za wasikilizaji redioni, siku tukiuliza "Nini maana ya ndoa?" hapigi mtu. Tukiuliza "Mama mkwe kahamia kwako bila kuaga, utafanyaje?" laini zinajaa hadi fundi mitambo anatukana. Swali lenye jibu moja likishajibiwa, wengine waseme nini? Hukuwa na wanafunzi wavivu. Ulikuwa na maswali mavivu, na hilo nakuambia kwa upendo.

Kuhusu mzee, hapo ndipo ninapokukaripia hasa. Mimi nimezaliwa Mbozi, vikao vya ukoo nimekaa vingi. Mzee anafungua kwa sala, ndiyo, lakini hoja tunawaachia wadogo wabishane kwanza, yeye anasikiliza, mwisho ndiye anayekusanya na kusema tumefika wapi. Wewe umemsukuma mbele aseme wa kwanza, ukaliita hilo heshima! Kazi ya mzee umemnyang'anya wewe, Ruti hana kosa.

Kwa hiyo mpigie simu leo. Usimtumie ujumbe, mpigie, msalimie vizuri, umwombe afunge mjadala badala ya kuufungua. Kisha weka sheria mpya. Kila mtu aandike msimamo wake na sababu katikati ya wiki, halafu kabla ya Jumapili amjibu mwenzake mmoja kwa jina, ama ampinge kwa sababu au amuulize swali. "Naunga mkono" isiyo na sababu haina alama, hata ikianza na shikamoo. Usidai insha ndefu, watu wanalipia bando na wengine wanapanda kichuguu kutafuta mtandao. Na wewe mwenyewe ukae kimya mpaka wao wachoke, ndipo uingie na swali moja, wala si hotuba. Ruti mwambie afute machozi, maneno ayaache yalipo. Alimwamkia mzee kwanza, ulitaka heshima gani tena?

UJUMBE WA TABITA, ULIOTUFIKIA BAADAYE

Shangazi, nimempigia. Mzee hakununa hata kidogo! Alikuwa amechukua ndoo ya maji akapanda kile kilima cha kanisani, amekaa kitandani akiuguza mgongo. Kafunga mjadala kwa maneno haya: "Nimekipanda. Ruti ameshinda, kisima kiende bondeni, na Nkwabi ajenge uzio."

Mkuu wa chuo aliingia mwisho wa mwezi kama alivyosema. Akasoma mjadala ule wa kisima, akaufufua kwa kuandika kwamba kisima cha bondeni kitachafuliwa na mafuriko. Ruti akamjibu hapo hapo, akamuuliza mara ya mwisho yeye kuchota maji ilikuwa lini. Wamekwenda hivyo mpaka jioni, ukafika muda wa kufunga ukurasa, nami kwa woga nikamwomba mkuu aniambie uamuzi wake kuhusu darasa. Kanijibu: "Uamuzi gani? Mwalimu, usinifungie ukurasa, sijamaliza na huyu Ruti."